Ulivunjika Kando ya Mshono

— Chuma gani hicho kinachovunjika kwa kukaliwa?

Cheche alikuwa hajavuka hata mtaro. Alikuwa anatoka dukani, boksi la vijiti vya kuchomelea kwapani, miwani ya kazi ameisahau utosini, na swali likamkuta usoni kama maji ya kuoshea vyombo. Aliyelirusha alikuwa Tani, muuza viatu vya mitumba, mtu ambaye ukimwona tu unaelewa jina lake lilikotoka. Alikuwa amesimama. Kijiweni Tani hasimami. Hapo ndipo Cheche alipojua kwamba kuna jambo.

Kijiwe chenyewe si kitu cha kujivunia. Ni kona ambapo lami inaishia na vumbi linaanzia. Ukuta wa karakana ya Cheche unamwaga kivuli kuanzia saa sita mchana, na chini ya kivuli hicho watu wazima wenye kazi zao huja kuzikimbia. Upande wa kushoto kuna jiko la mkaa la Birika, muuza kahawa, pamoja na ndoo yake nyekundu ya kusuuzia glasi. Upande wa kulia kuna meza ya Redio, fundi simu, ambaye hutengeneza simu za watu kwa mikono na maisha ya watu kwa mdomo. Katikati, kwa wiki tatu sasa, palikuwa na benchi. Cheche ndiye aliyelitengeneza: miguu miwili ya cherehani ya zamani, ile ya kukanyaga, yenye maua na majani ya chuma, bomba la chuma lililochomelewa kutoka mguu hadi mguu, na juu yake mbao tatu zilizolainishwa na Randa, seremala wa jirani, ambaye kila alipolikalia alikumbusha watu kwamba sehemu ya maana ni ile inayogusana na makalio. Leo benchi lilikuwa limelala ubavu, mguu wake wa kushoto umekatika vipande viwili, na kahawa iliyomwagika ilikuwa imechora ramani vumbini.

— Umeumia? aliuliza Cheche.

— Nimeumia heshima.

— Hiyo itapona. Mgongo je?

— Mgongo mzima.

— Basi mshukuru Mungu, halafu unyamaze nitazame.

— Ninyamaze! Nimelala chali mbele ya wateja watatu na mkwe wangu mmoja, miguu juu kama meza iliyopinduliwa, kahawa kifuani, nawe unaniambia ninyamaze! Mimi nilikaa tu. Nilikaa kama mtu yeyote anavyokaa.

— Hukukaa, alisema Redio bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa ameitoa matumbo. Ulishushwa. Watu kama wewe mnashushwa, kama makontena.

Cheche alipiga magoti. Chuma kilipokatika palikuwa pa kijivu, pamejaa chembechembe, kama donge la sukari lililopasuliwa kwa nyundo. Alipitisha kidole gumba kwenye ule ukingo. Mpasuko haukupita kwenye mshono wa kuchomelea. Ulipita pembeni yake, umbali wa upana wa kidole, ukiufuata mshono kwa adabu kama jirani anayefuata uzio.

Akainuka.

— Mshono wangu mzima. Njooni mtazame, nyote. Umevunjika kando. Mshono haujaguswa. Kama kuna anayetaka kusema Cheche hajui kuchomelea, aje hapa aniambie nikiwa nimesimama.

Randa ndiye aliyesogea. Alivaa miwani yake ya kusomea, akainama, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

— Yaani, alisema, mgonjwa amekufa lakini sindano ilichomwa vizuri.

Watu wakacheka. Cheche hakucheka. Siku nyingine angecheka, maana Randa alikuwa rafiki wa baba yake na alikuwa na ruhusa ya kumchokoza. Lakini leo ilikuwa siku ya Matroni.

Ni hivi. Zahanati ya juu kule, yenye wodi ya wazazi, ilikuwa inahitaji vitanda kumi na viwili vya kujifungulia. Matroni mwenyewe alishuka wiki tatu zilizopita kutafuta fundi, akapita karakana mbili za barabarani, akafika ya tatu, yenye kibao kilichoandikwa na marehemu baba yake Cheche: FUNDI NA MWANAWE. Wateja wengi wakisoma kibao kile huingia, wakamkuta mwanamke, wakauliza mwana yuko wapi. Cheche huwajibu kwamba wanamtazama. Matroni hakuuliza. Aliuliza tu kama kuna kazi anayoweza kuiona na kuigusa, na Cheche akampeleka nje kwenye benchi lililokuwa limemalizika siku hiyohiyo. Matroni akalikalia. Akaruka-ruka kidogo pale juu kama mtu anayejaribu godoro. Akasema atarudi na jibu baada ya wiki tatu, saa tisa.

Wiki tatu zilikuwa leo. Ilikuwa saa nane na robo.

— Liingizeni ndani tu, alisema Redio. Matroni akija, mwambie umeliuza.

— Sifichi kitu, alisema Cheche. Nitajua limevunjika kwa nini, na nitamwambia.

Alisema kwa sauti kubwa. Alitazama mguu, akatazama mbao, akamtazama Tani ubavu huu na ule. Kitu kimoja tu hakukitazama: ndoo nyekundu ya Birika.

— Mimi nitakuambia kwa nini, alisema Randa, akajikalisha kwenye tofali. Ni kwa sababu ni chuma. Mti ni kiumbe. Mti ukielemewa unalalamika. Unalia kri, kri, unakupa nafasi ya kuondoa makalio yako na heshima yako. Chuma kimenuna tu muda wote, siku moja kinakutupa bila hata kukusalimia.

— Mzee Randa, mlango uliomtengenezea Redio unafunguka?

— Huo ni mvua. Mti unakunywa.

— Umekunywa tangu mwezi wa nne, alidakia Redio. Naingilia dirishani. Mke wangu ameuzoea ulevi wa mlango kuliko wangu.

— Msinitoe kwenye mada! Nasema chuma hakina ubinadamu. Hebu shika.

Akamshika Tani mkono, akauweka juu ya mguu uliobaki wima, kisha juu ya ubao.

— Kipi baridi?

— Chuma.

— Na vyote vimekaa kivuli kimoja tangu saa sita. Vimelala nje pamoja. Kwa nini kimoja kiwe na baridi kama si roho mbaya?

— Havijazidiana baridi, alisema Cheche. Vingepimwa vingekuwa sawa. Chuma kinachukua joto la kiganja chako haraka, ubao hauna haraka nalo. Unachokisikia ni joto lako likiondoka.

Redio aliweka chini bisibisi. Kwa Redio hiyo ilikuwa dalili mbaya. Maana yake nadharia imeiva.

— Kumbe! Ndugu zangu, tumepata jibu na hamlioni. Chuma kinakunywa joto la mtu. Tani amekalia hapa wiki tatu, kila siku saa sita kamili mpaka adhana ya alasiri. Joto la Tani si la mtu mmoja, ni la familia. Limeingia, limeingia, limejaa. Ni kama betri ya simu. Ukichaji bila kuchomoa, inavimba. Ikivimba, inapasuka. Benchi limekufa kwa kuchajiwa na Tani.

— Redio, hicho ulichosema hakina hata neno moja la kweli.

— Kina neno "betri". Betri ipo.

— Mimi nina la kwangu, alisema Tani, ambaye hakupenda mwelekeo wa kesi. Miguu ile ni ya cherehani, au si ya cherehani? Miaka sitini ilikuwa inatikiswa. Mama mmoja anakanyaga, binti yake anakanyaga, mjukuu anakanyaga. Chuma kimezoea kazi. Wewe unakichukua unakiambia tulia, kaa, usiende popote. Mjomba wangu alistaafu mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu akapata kiharusi. Huo mguu umepata kiharusi.

— Wahenga walisema... alianza Redio.

— Wahenga hawakuwa na mashine ya kuchomelea, alisema Cheche. Kaa kimya. Nitawaonyesha kitu.

Akaingia karakana akatoka na msumari wa inchi sita na tupa ya zamani, ile ya kunolea misumeno, iliyokwisha meno. Akaviweka kwenye kiganja, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu ushahidi.

— Hivi ni nini?

— Chuma, walisema wote.

— Kipi kigumu?

Hawakujua. Akakwaruza msumari kwa ncha ya tupa. Ukabaki na mstari mweupe. Akajaribu kuikwaruza tupa kwa msumari, msumari ukateleza.

— Tupa, alisema Tani.

— Sasa tazama.

Akabana msumari kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma kilichofungwa kwenye meza yake ya kazi mlangoni, akaupiga nyundo. Ukapinda. Akaupiga tena, ukapinda zaidi, ukawa kama ndoano. Haukukatika. Akabana tupa, akapiga mara moja, wala si kwa nguvu. Tupa ikakatika kama biskuti na kipande kikaruka mpaka kwenye viatu vya mitumba.

— Mama yangu! Tani akarudi nyuma.

— Kile kigumu ndicho kilichovunjika. Mnaona? Mnaita kila kitu chuma halafu mnategemea vyote viwe na tabia moja. Bomba hili na msumari ni ndugu. Ukivizidi nguvu, vinapinda, unaviona, unainuka. Miguu ya cherehani ni ya kumiminwa kwenye kalibu, chuma kimeyeyushwa kikamwagwa kama uji. Kina nguvu ya kubeba. Ukikikalia, kinabeba hata Tani wawili. Lakini hakijui kupinda. Kikishindwa, kinapasuka. Vitanda vya Matroni ni bomba na bapa za chuma cha kawaida, hakuna hata kipande cha kalibu. Haviwezi kuvunjika hivi. Nitamwambia hivyo hivyo, na asiponielewa aende akalale kwenye mbao za Randa.

— Mwanangu, alisema Randa polepole, nimekuelewa vizuri. Umesema chuma hiki kinabeba Tani wawili.

— Ndiyo.

— Leo alikaa mmoja.

Kelele za barabarani zikaingia zote kwa mpigo.

Sasa nikwambie alichokijua Cheche, maana yeye alikuwa anakijua tangu alipopiga magoti. Chuma cha kalibu hakichomelewi kama bomba. Marehemu alimfundisha akiwa na miaka kumi na minne: kwanza unakipasha moto chote, taratibu, kisha unachomelea kidogo kidogo, halafu unakifukia kwenye pipa la majivu makavu na kukiacha kipoe chenyewe mpaka kesho yake. Hukigusi. Hukichungulii. Baba yake alikuwa anakaa juu ya kifuniko cha pipa kabisa, ili asishawishike. Siku ya benchi Cheche alimaliza saa saba. Alikuwa amesikia kwamba Matroni yuko karakana ya pili, barabara ya juu, na anakuja. Chuma kilikuwa kinafuka. Pipa la majivu lilikuwa nyuma ya karakana. Ndoo nyekundu ilikuwa hapa, hatua tatu.

Aliumwagia mguu ndoo nzima ya maji. Mvuke ukapanda mpaka ukamficha. Na ndani ya mvuke ule alisikia mlio mdogo, tik, kama ukucha unaokatwa. Akajiambia ni gome la mshono, lile ganda jeusi ambalo hujibandua lenyewe chuma kikipoa. Lilikuwa jibu zuri. Alilikubali papo hapo.

— Jamani, alisema Tani ghafla. Jiko la Birika liko wapi?

Wote wakageuka. Birika alikuwa amechuchumaa, anapepea mkaa kwa kipande cha katoni. Alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache, mwenye tabia ya kusikiliza mazungumzo kama mtu anayesubiri maji yachemke. Jiko lake lilikuwa pale lilipokuwa siku zote: shibiri mbili kutoka mguu wa kushoto wa benchi.

— Na glasi anasuuzia wapi? Maji machafu anamwagia wapi? Tani alikuwa ameanza kupata raha. Hapo hapo! Tazameni udongo, umelowa. Moto huku, maji huku, mguu katikati. Kutwa nzima!

— Ngoja, alisema Redio, akasimama. Ngoja, ngoja. Hii naiweza.

Kabla mtu hajamzuia, akachovya kijiko kwenye sufuria ambamo Birika huchemshia glasi zake, akainua moja inayofuka, akaiweka juu ya tofali. Akachota maji ya ndoo kwa kiganja. Akamwagia.

Tak.

Glasi ikapasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni, mstari mmoja uliopinda.

— Ndio mlio huo! Tani alipiga kelele. Wallahi ndio mlio niliousikia nikiwa hewani! Tak!

— Kesi imekwisha, alisema Redio, akainama kama mwigizaji.

— Umenivunjia glasi, alisema Birika.

— Kwa ajili ya elimu.

— Elimu ikija kunywa kahawa, itanywea wapi?

Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kupamba moto. Randa alikubali kwamba moto na maji vimewahi kumpasulia hata jiwe la kunolea. Tani alikuwa na furaha ya mtu aliyeachiwa huru. Na Redio alikuwa na hukumu tayari: Matroni atafika, ataambiwa ni jiko, ataona glasi, ataelewa, fundi atapata vitanda vyake, na Birika atahamia ng'ambo ya mtaro, ili benchi jipya lisije likapata msiba uleule.

— Ng'ambo ya mtaro kuna jua, alisema Birika.

— Kahawa inapenda joto.

— Siondoki.

Hakupaza sauti. Alichomeka katoni yake ubavuni mwa jiko na kusimama, na kwa sababu Birika hasimami wakati wa kazi, watu waliacha kucheka.

— Miaka kumi na moja niko hapa. Benchi ndilo lililonikuta. Jiko hili linapasha kahawa, halipashi hata kuku anayelala chini yake. Weka mkono wako pale mguu ulipokuwa, Tani. Weka! Unaungua? Huungui. Siondoki kwa kosa ambalo si langu, na wala msinitafutie lugha nzuri.

— Hakuna aliyesema ni kosa, Birika. Tumesema ni bahati mbaya.

— Basi ipelekeni ng'ambo ya mtaro hiyo bahati.

Akamgeukia Cheche.

— Dada, wewe ndiye unayekijua chuma. Wao wanapiga soga. Waambie. Moto wa kahawa unaweza kuupasua mguu huu?

Cheche alikuwa ameshika nusu ya tupa. Aliizungusha mkononi.

— Chuma cha kalibu, alisema, hakipendani na moto na maji.

Wala hakusema uongo. Alisema kweli tupu, akaielekeza kwa mtu mwingine.

— Umesikia! alisema Tani.

Birika alimpita Tani kwa macho. Alimtazama Cheche, kisha akaitazama ndoo yake nyekundu, akamtazama tena. Na hapo Cheche akakumbuka alichokuwa amejitahidi kusahau: kwamba siku ile, mvuke ulipotulia, Birika alikuwa amesimama upande wa pili na mfuko wa mkaa begani, akiuliza tu, "Maji yangu yamekwenda wapi?" Naye akamjibu, "Nitakuchotea mengine." Na akamchotea.

— Haya, alisema Birika. Sababu mimi naijua. Si yangu kuisema.

Akachuchumaa, akamimina kahawa. Akampa Randa. Akampa Redio, ingawa alikuwa anamdai glasi. Akampa Tani, mwenye kosa la kumshitaki. Cheche hakupewa. Birika aliruka zamu yake kama mtu anayeruka shimo alilolizoea.

Matroni akatokea kwenye kona, dakika kumi kabla ya saa yake.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye mwavuli uliofungwa na viatu vya raba. Alisimama mbele ya benchi lililolala. Hakuhitaji kuuliza, wengine walisema wote kwa pamoja.

— Matroni, si fundi!

— Mshono mzima, tazama mwenyewe!

— Ni jiko la huyu bwana, moto na maji, tumefanya na majaribio!

— Vitanda ni chuma cha kupinda, mama, hiki ni cha kumimina, ni kama uji, si ndugu!

— Na mimi nilikaa tu, alimalizia Tani. Nilikaa kawaida.

Matroni aliwasikiliza kama anavyowasikiliza waume wanaosubiri nje ya wodi. Kisha akainama, si kwa mguu, bali kwa ile glasi iliyopasuka. Akaiinua kwenye mwanga.

— Nilipoanza kazi, alisema, tulikuwa tunachemsha sindano za kioo. Unazitoa kwenye maji yanayochemka, unaziacha juu ya kitambaa zipoe zenyewe. Siku moja mwenzetu alikuwa na haraka, daktari anaita. Akazitia maji ya bomba. Sindano ishirini, zote, moja baada ya nyingine. Tukamuuliza. Akasema sufuria ilikuwa mbovu.

— Mliamini? aliuliza Redio.

— Tulibadilisha sufuria.

Akairudisha glasi juu ya tofali, taratibu, ule mpasuko ukielekea upande wao. Ndipo akaugusa mguu. Kidole chake kilikwenda kwenye mshono, kikauacha, kikasimama kando.

— Mimi sijui chuma, alisema. Nauliza kitu kidogo tu. Jiko la kahawa moto wake nauona. Lakini siku mguu huu ulipochomelewa, hapa palikuwa pa moto kuliko jiko lolote. Palipoaje?

Tani alimtazama Randa. Randa alivua miwani ya kusomea akaanza kuifuta na shati. Redio alirudi mezani kwake, akashika bisibisi.

Birika aliendelea kupepea mkaa. Hakuinua macho. Mtu angeweza kudhani hakusikia swali.

Cheche alifikiri juu ya vitanda kumi na viwili. Alikuwa amekwisha kuvichora, kila bomba lina kipimo chake, nyuma ya kalenda ukutani. Alifikiri jinsi ingekuwa rahisi: kusema "palipoa penyewe", maneno mawili tu, na jiko likavuka mtaro. Angeona moshi wa Birika kule juani kila siku, akiwa kazini. Alimfikiria baba yake amekaa juu ya kifuniko cha pipa, mikono magotini, mtu mzima anajilinda na haraka yake mwenyewe.

Akaivua miwani utosini.

— Jiko litabaki lilipo, alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye viatu vya Tani na kurudi. Na mtu asilisogeze hata shibiri moja.

— Sijauliza habari za jiko, alisema Matroni.

— Najua ulichouliza. Nilipamwagia maji.

Katoni ya Birika ikasimama.

— Mimi. Ndoo hiyo hapo, maji yote mpaka tone la mwisho. Chuma cha kalibu kinafukiwa kwenye majivu mpaka kesho yake. Nimefundishwa, ninajua, nilijua siku ile. Pipa la majivu liko nyuma, halikuniondokea. Lakini nilisikia uko njiani, nami nilitaka ukute benchi limepoa. Vitanda nitavitengeneza vizuri kuliko fundi yeyote wa barabara hii, na hilo silipunguzi hata nusu. Lakini huu mguu niliuvunja mimi, kabla Tani hajauona.

Alikuwa ameinua kidevu, kama mtu anayesubiri kupigwa na hana mpango wa kukwepa. Matroni alikuwa bado anamtazama, kana kwamba swali lake lilikuwa na nusu nyingine.

— Na niliusikia, alisema Cheche. Ulipopasuka. Niliusikia vizuri, kisha nikageuka nikakuambia karibu ukae.